Kukabidhi zamu wodini: mwongozo kwa muuguzi mpya anayetaka kuelewana na wenzake

Kila kundi jipya la wauguzi na wakunga likifika wodini, haipiti wiki ya pili maswali yanaanza, na ni yaleyale ya mwaka jana. Sista, mbona yule wa usiku hanipendi? Nimemwamkia mama fulani akanijibu mkato, nimemkosea nini? Daktari nikimpigia anakasirika, nisipompigia naulizwa kwa nini sikupiga, sasa nifanyeje? Nimeyajibu koridoni, nimeyajibu kwenye chumba cha chai, nimeyajibu ndani ya daladala ya kurudi nyumbani. Leo nayaandika mahali pamoja ili anayekuja asome kabla hajavaa sare.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na ninachokiamini ni hiki: watumishi wengi wasioelewana hawakuwahi kugombana. Waliachiana kazi vibaya. Mmoja alikabidhi wodi akanyamazia jambo dogo, mwingine akalikuta saa 8 usiku akiwa peke yake, na tangu siku hiyo kila mmoja anamwona mwenzake ana roho mbaya. Kwa hiyo sianzi na tabia. Naanza na zile dakika 20 au 30 ambazo zamu moja inaiachia nyingine wodi. Zikikaa sawa, mengi tunayoyaita tabia huisha bila kikao.

Kama kazi yako ni mapokezi ya hoteli, ulinzi, au kiwanda kinachokesha, soma tu. Pale nilipoandika mgonjwa, weka mgeni, lindo au mashine.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

Daftari dogo la mfukoni, na kalamu mbili kwa sababu moja utaazimwa. Usiandike kwenye kiganja wala kwenye boksi la glavu.

Saa ya mkononi au ya kubandika kifuani, yenye mshale wa sekunde. Ukihesabu pumzi za mgonjwa kwa kutumia simu, ndugu zake wanaona unachati.

Majina ya watu wote wa zamu yako, pamoja na wanavyopenda kuitwa. Simaanishi wauguzi peke yao. Mhudumu wa usafi, mlinzi wa mlangoni, kijana wa maabara, mfamasia. Kuna anayeitika Mama Neema na hataki kuitwa dada. Kuna anayeona raha kuitwa Sista hata kama umri wake ni wa bibi yako.

Namba ya daktari wa zamu na ya Muuguzi Mfawidhi, yaani msimamizi wa wodi, kwenye karatasi. Simu huzimika.

Na baraka ya Mfawidhi. Usifike Jumatatu ukaanza kubadilisha utaratibu wa wodi Jumanne, hata kama chuoni ulifundishwa vizuri zaidi. Mweleze kwanza, kisha anza na wagonjwa wako wewe tu. Wenzako wakiona kazi yako inaenda, wataanza kuuliza wenyewe.

Hatua ya 1: Fika dakika 15 kabla, salimia watu wote

Anza na mhudumu wa usafi. Yeye ndiye anayejua kitanda gani kimelowa, choo gani kimeziba na ndugu gani analia nje tangu alfajiri. Mtu mzima mpe shikamoo yake hata kama kwa cheo wewe ndiye msimamizi wake. Cheo chako hakipungui.

Kisha, kama kuna sura ngeni, jitambulishe kwa jina na kazi. Hili watu hulidharau. Kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa kati ya 2007 na 2008 katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa hapa kwetu Tanzania, Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalitangazwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mambo mengi, dawa za kuzuia maambukizi zimo, kuhesabu vifaa kumo, kwa hiyo sisemi ni majina yaliyofanya kazi hiyo. Ila walioitunga waliona kutajana majina kunastahili nafasi kwenye karatasi ileile. Mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele yako hapati taabu kukuambia baadaye, "Sista, subiri kidogo."

Hatua ya 2: Andaa ripoti kabla anayekupokea hajafika

Nusu saa kabla ya kutoka, zunguka vitanda vyote ukiwa na daftari. Kwa kila mgonjwa andika mambo manne: ni nani na kwa nini yupo hapa, nini kimebadilika kwenye zamu yangu, nini kimebaki, kinatakiwa saa ngapi.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayozaa chuki. Kila mtu anakumbuka kueleza alichofanya. Kilichobaki tunakimeza, kwa aibu au kwa uchovu.

Maliza na vifaa: mtungi wa oksijeni umebaki kiasi gani, toroli ya dharura imekamilika, mashine ya presha iko wapi, funguo za kabati la dawa anazo nani.

Hatua ya 3: Kabidhi mkiwa mmesimama kitandani

Ripoti ya mezani inakwenda haraka na inaficha mengi. Mkiwa mbele ya kitanda, dripu iliyokwisha inaonekana, mfuko wa mkojo unaonekana, na mama mwenyewe anaweza kusema, "Hapana, hiyo sindano sijachomwa bado." Msalimie mgonjwa kwanza, mwambie, "Mama, mimi natoka, huyu mwenzangu ndiye atakayekuwa na wewe usiku." Kishindo cha ndugu kugombana na zamu mpya hupungua sana hapo.

Tahadhari: kuna mambo ya mezani tu. Majibu ya VVU, mimba iliyoharibika ambayo mume hajaambiwa, mambo ya ukatili wa nyumbani. Vitanda vyetu vimekaribiana, na jirani wa kitanda cha pili anasikia kila neno. Hayo mwonyeshe mwenzako kwenye faili, kwa kidole, bila kutamka.

Sasa tazama ripoti mbili za mgonjwa mmoja. Ya kwanza nimeisikia mara nyingi:

"Kitanda cha 7 ni yule wa kifafa cha mimba. Anaendelea vizuri. Dawa amepewa, mtaendelea nayo."

Amepewa na nani? Dawa ipi, saa ngapi? Muendelee mpaka lini? Sentensi nzima haina mtu ndani yake. Ya pili:

"Kitanda cha 7, uzazi wa kwanza, miaka 23. Alipata degedege moja asubuhi, akajifungua saa 4 asubuhi kwa njia ya kawaida. Yuko kwenye magnesiamu. Dozi ya saa 11 jioni nimempa mimi, gramu 5, tako la kushoto. Inayofuata ni saa 3 usiku, tako la kulia. Kabla hujachoma, hakikisha goti linaitika, anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, ikitokea magnesiamu imemzidi, iko droo ya juu ya toroli. Presha ya mwisho ni 150 kwa 100. Kilichobaki: damu imeenda maabara saa 8 mchana, majibu hayajarudi, nimewapigia mara moja."

Hii ya pili haifiki dakika moja. Aliyeipokea anaweza kufanya kazi usiku kucha bila kukupigia simu ukiwa usingizini, na asubuhi akikuona atakusalimia kwa furaha.

Hatua ya 4: Taja saa kwa namna mbili

Hili ni letu sisi tunaosema Kiswahili, na vitabu vya wageni havitakufundisha. Mdomoni tunasema saa 3 usiku. Kwenye faili tunaandika 21:00. Kwenye simu ya mtu inasomeka 9:00. Niliwahi kukuta kwenye kitabu cha ripoti maneno "dozi inayofuata saa 3". Aliyeandika alimaanisha saa 3 usiku. Aliyepokea alikuwa mgeni wodini, akaisoma kama saa zinavyoandikwa kwenye faili, 3:00, yaani saa 9 usiku. Hapo katikati pana saa 6 nzima, kwa dawa inayochomwa kila baada ya saa 4. Kilichomwokoa yule mama ni mkunga mtu mzima aliyepita kuchukua koti lake akauliza, "Huyu si alitakiwa sindano sasa hivi?"

Sema hivi: "saa 3 usiku, faili limeandikwa 21:00". Na ukiandika, andika kwa saa 24 peke yake.

Hatua ya 5: Anayepokea arudie

Baada ya kila mgonjwa mwenye jambo zito, anayepokea arudie kwa maneno yake. Vijana hunilalamikia kwamba ukimwambia mtu mzima arudie, anaona unamfanya mwanafunzi. Ni kweli, usimwambie hivyo. Lichukue kosa liwe lako. Ukiwa unatoa: "Nimesema haraka, Mama, naomba uniambie ulivyonipata, nisije nikawa nimeruka kitu." Ukiwa unapokea: "Naomba nirudie, nisije nikakosea mimi." Sijaona mtu aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo.

Hatua ya 6: Taja ulichoshindwa kabla hakijagunduliwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali moja ya mkoa, nilitoka zamu ya jioni nikijua mtungi wa oksijeni umekaribia kuisha. Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu. Nilitakiwa niombe mwingine stoo, lakini stoo ilikuwa mbali, mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa na gari la mwisho la kuwahi. Nilisema moyoni kwamba wataona wenyewe. Saa 8 usiku akaletwa mama aliyekuwa anapumua kwa shida, mwenzangu akafungua mtungi, hewa ikatoka kidogo ikakata. Aliburuta mtungi mwingine kutoka wodi ya jirani, yeye na mlinzi, kwenye mvua ileile niliyoikimbia. Mama alipona. Mwenzangu hakuniongelesha miezi miwili, na mimi miezi yote miwili niliwaambia watu kwamba anajisikia.

Angenisikia nikisema, "Mtungi uko mwishoni, sijaenda stoo, nisamehe," angeninunia dakika tano, kisha angemtuma mtu mapema.

Ukiwa na jambo hukumaliza, liseme kwa vipande vitatu: kilichobaki, sababu kwa maneno machache, na ulichokiandaa. "Mshono wa kitanda cha 4 sijausafisha, tulipokea dharura saa 10. Trei nimeshaipanga, iko juu ya meza." Kipande cha tatu usikiache. Trei iliyopangwa inamwambia mwenzako kwamba ulimfikiria.

Kosa la kawaida: kugeuza sababu kuwa lawama. "Sijamaliza kwa sababu nyie wa asubuhi mlituachia uchafu." Anayekupokea hakuwepo asubuhi, na sasa umemwachia kazi na hasira juu yake. Kosa jingine ni kueleza sana. Maelezo ya dakika tano kuhusu ulivyochoka yanamfanya mtu ahisi anaombwa akubebee mzigo.

Hatua ya 7: Kumpigia daktari, pangilia mambo manne

Madaktari hukasirika wakipigiwa simu isiyo na kichwa wala miguu. "Daktari, mgonjwa hayuko vizuri, njoo." Yeye yuko wodi nyingine ana mgonjwa mkononi, hajui aache au asiache. Tumia mpangilio huu: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini, na madaktari wengi wanaujua kwa herufi za Kiingereza, SBAR (Situation, Background, Assessment, Recommendation).

"Daktari, ni mkunga wa wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha 2 anatoka damu nyingi, pedi mbili zimelowa ndani ya nusu saa, presha 85 kwa 50, mapigo 124. Amejifungua saa moja iliyopita, uzazi wa tano, kondo limetoka lote. Mimi naona kizazi hakijakaza. Nimeanza kukisugua, nimempa oksitosini uniti 10, dripu inakimbia. Naomba uje sasa hivi, na niombe damu?"

Wengi huishia kwenye historia. Wanaogopa kusema wanavyoona, eti hiyo ni kazi ya daktari. Wewe ndiye uliye mbele ya mgonjwa. Sema unachokiona, yeye ataamua. Na ombi litamke kama ombi. Usimwache akisie kama unamtaarifu au unamwita.

Tahadhari: usichelewe kumhudumia mama kwa sababu unapanga maneno. Mikono ianze, mwenzako ashike simu.

Hatua ya 8: Ukiona kosa, panda ngazi tatu

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife katika visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa ziligongana ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Ndani ya ndege iliyokuwa imeshaanza kukimbia ili iruke, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine kweli imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa kuheshimika sana kwenye shirika lake, akajibu kwamba imetoka, na safari ikaendelea. Mhandisi hakuuliza tena. Ajali hiyo na nyingine zilizofuata ziliwafanya watu wa anga waanze kufundisha wadogo namna ya kusema na wakubwa namna ya kusikia.

Kwetu heshima kwa mkubwa ni jambo la malezi, sitaki mtu aiache. Lakini heshima ina lugha ya kusemea pia. Ngazi zenyewe ni hizi:

Ya kwanza, uliza: "Daktari, samahani, hii dozi naiona tofauti na ya jana, tuiangalie pamoja?"

Ya pili, kama hakukusikia au amekupuuza, taja wasiwasi na sababu: "Nina wasiwasi, Daktari. Mama huyu goti lake haliitiki, nikimchoma tena anaweza kuacha kupumua."

Ya tatu: "Naomba tusimame kwanza. Sitaweza kuchoma hii mpaka tumpigie bingwa." Hapo unasimama kweli, na unampigia.

Sauti iwe ileile kwenye ngazi zote tatu. Anayepandisha sauti kwenye ngazi ya kwanza hana pa kupandia tena.

Kama kosa halina hatari ya papo hapo, mwenzako amekunja mashuka vibaya au amesahau kusaini, subiri mkiwa wawili. Usimsahihishe mtu mbele ya mgonjwa, mbele ya wanafunzi, wala mbele ya mtu aliyeanza naye kazi. Kwa mkubwa wako kiumri, anza na shauri: "Mama, naomba unisaidie kuelewa, sisi chuoni tulifundishwa hivi, hapa mnafanyaje?" Mara nyingine utagundua yeye ndiye sahihi.

Hatua ya 9: Kundi la WhatsApp liwe la matangazo

Ratiba ya zamu, kikao, msiba, harusi, funguo zimepotea: hayo yaandike kundini. Jina la mtu aliyekosea usiliandike, wala picha ya wodi chafu yenye maneno "zamu ya usiku mmetufanyia nini". Nimeona watu wawili waliosoma pamoja wakikata mguu nyumbani kwa wenzao kwa sababu ya picha ya ndoo. Mtafute mhusika uso kwa uso ndani ya wiki hiyo hiyo. Likikaa mwezi linakuwa kesi.

Taarifa na picha za wagonjwa pia hazina nafasi huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kundi la watu 40 halina siri.

Ikikwama

Anayekupokea anachelewa kila siku. Usiondoke ukaacha wodi tupu, na usimseme kwa wengine. Mara ya tatu, mwulize faraghani: "Nakuona unachelewa, kuna shida nyumbani?" Nimewahi kuuliza hivyo nikaambiwa mtoto hana wa kumwachia mpaka shangazi afike, tukabadilishana zamu, ikaisha. Kama ni uzembe, mwambie Mfawidhi, na mwambie mwenzako kwamba utamwambia.

Anasikiliza ripoti huku anachezea simu. Nyamaza. Simama kimya mpaka ainue macho, kisha endelea ulipoishia bila kusema chochote kuhusu simu. Akiendelea, mpe daftari: "Naomba uandike hizi saa mwenyewe."

Mfawidhi amekufokea mbele ya wagonjwa. Pale pale jibu moja tu: "Nimekusikia, Mama, narekebisha." Kisha rekebisha. Baadaye, siku ileile kama inawezekana, mfuate ofisini: "Nilikosea na nimerekebisha. Ila wagonjwa waliposikia, mmoja amekataa nimchome. Nikikosea tena naomba uniite pembeni." Wengi wao wanasikia. Nao walifokewa hivyohivyo walipoanza kazi.

Umekosea wewe, na mgonjwa ameguswa. Mhudumie mgonjwa, mwite daktari, mwambie Mfawidhi, andika kwenye faili kilichotokea na saa yake, kwa mpangilio huo. Usifute wala usipake wino mweupe. Kosa lililosemwa saa ileile linajadiliwa. Lililofichwa likifumuka linafika Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Umewekwa kusimamia wahudumu wenye umri wa mama yako. Omba kazi kwa jina la mgonjwa: "Mama Neema, mama wa kitanda cha 9 amelowa, tumsaidie." Kisha shika upande wako wa shuka. Ukimtuma ukiwa umekaa, atakwenda, lakini polepole.

Kuna mtu anakutukana, anakutaka kimapenzi kwa nguvu ya cheo chake, au anakubagua. Hili usijaribu kulitatua kwa lugha nzuri. Andika tarehe, mahali na aliyekuwepo, kisha nenda kwa Matroni, ofisi ya utumishi au tawi la chama chako cha wafanyakazi. TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wapo kwenye hospitali nyingi za serikali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na unyanyasaji imeuhesabu humo humo.

Ripoti zako zinachukua saa nzima na watu wananung'unika. Unasimulia historia ya wagonjwa wanaoendelea vizuri. Kwao sema kitanda, jina, hakuna mabadiliko, kinachofuata saa fulani. Muda mrefu wape watatu au wanne walio wagumu, na waanze hao kabla watu hawajachoka.

Umefanya yote na bado kuna mmoja hakuongeleshi. Usimlazimishe kikao cha mapatano na usitume mjumbe. Endelea kumkabidhi vilevile, kila siku, na yaliyobaki yataje wewe kwanza. Yule wa mtungi wa oksijeni alinijibu salamu yangu mwezi wa tatu, siku nilipomwambia kabla hajaweka mkoba chini kwamba mtungi uko robo, na wa akiba nimeshauburuta mpaka mlangoni.